Filta ya karatasi ya oili imetoka kwenye injini imebonyea, nisaidieni kuisoma

MtuWaNungwi

Assalaam alaykum wanabaraza. Naandika filta ikiwa hapa mbele yangu juu ya gazeti, bado inachuruzika.

Gari ni Noah, injini ya 3ZR, nachukulia wageni kati ya uwanja wa ndege na Nungwi. Jana niliamua kumwaga oili mwenyewe nyumbani. Nikafungua kile kikombe cheusi cha plastiki, nikachomoa filta, na moyo ukanishtuka. Hii si ile filta ya kopo la bati tuliyoizoea kwenye IST. Hii ni karatasi tupu yenye mikunjo, huku na huku ina visahani viwili, basi. Mpya inasimama wima kama kikopo. Yangu imetoka na kiuno. Upande mmoja mikunjo sita au saba imelaliana na kushikana kama kurasa za daftari lililolowa, upande wa pili imeachana mpaka ncha ya kidole inapita. Katikati karatasi imezama ndani. Visahani vyote viwili vimebaki bapa, havina alama ya kupondwa.

Filta imekaa kilomita 9,000. Oili niliyotiliwa gereji mara ya mwisho ni 20W-50. Filta alininunulia fundi, boksi lake sikuliona.

Nimewauliza watu watatu mtaani. Wa kwanza kasema filta feki. Wa pili kasema fundi alikaza sana. Wa tatu kasema filta zote hutoka hivyo, nitupe nitie mpya niendelee na safari. Hawawezi kuwa sahihi wote. Na sitaki kutia mpya kabla sijajua iliyopita ilipatwa na nini, maana injini ni hiyo hiyo na itaifanyia mpya yale yale.

Fundi_Fuoni

Waalaykum salaam. Umefanya jambo jema kutoitupa. Mafundi wengi, na mie nilikuwa hivyo zamani, filta kuukuu inatoka mkononi moja kwa moja kwenye pipa, na pamoja nayo unatupa ushahidi wote.

Cha kwanza usiulize "kwa nini imepinda." Uliza imepinda wapi, maana kila mahali pana mwenyewe.

Ingekuwa kisahani cha juu au cha chini kimepondeka na filta imefupika, ningekwambia ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake. Kikombe kinapokazwa, filta inabanwa juu na chini mpaka inakubali. Ingekuwa mikunjo imejisokota kama kamba, kisahani kimoja kimezunguka na kingine kimebaki, hapo kosa ni la mfungaji: mpira wa kikombe haukupakwa oili, au filta haikukaa sawasawa kwenye bomba lake, na kila kikombe kinapozungushwa kinaivuta. Lakini yako imezama katikati na visahani ni vizima. Hiyo imesukumwa kutoka nje kuja ndani. Hiyo ni kazi ya oili yenyewe.

Mpemba_Wete

Hapo nakubaliana na fundi. Ila yakhe, 20W-50 kwenye 3ZR? Injini hizo zimetengenezewa oili nyepesi, 0W-20 na 5W-30. Angalia namba tu. Injini ikishapata moto, kwenye nyuzi 100, oili ya daraja la 20 ina unato (yaani uzito wake wa kutiririka) wa kati ya 6.9 na 9.3, na daraja la 50 ni kuanzia 16.3 mpaka karibu 22. Yaani karibu mara mbili au zaidi, tena hiyo ni oili ya moto. Asubuhi injini ikiwa imelala, tofauti inazidi hapo.

Watu wetu wanasema huku ni joto kwa hiyo tutie oili nzito. Ndani ya injini joto linashikiliwa na thamostati, Wete na Tokyo halipishani sana. Namba ya kwanza, ile iliyo kabla ya W, ndiyo ya hali ya hewa, na hata baridi ya kusi hapa kwetu haifiki pa kuitisha.

MtuWaNungwi

Ahsanteni. Fundi, nieleze kitu kimoja kinachonitatiza. Injini ina presha ya oili muda wote, sivyo? Sasa mbona filta hazipondeki zote? Na kama ni presha, mbona imebonyea upande mmoja tu?

Mzee_wa_Mashini

Nimekuwa nikisoma kimya. Niachieni hili swali, nimelala nalo miaka mingi kwenye vyumba vya mashini vya meli kabla sijastaafu nikarudi Mkoani.

Mwanangu, presha peke yake haipondi kitu. Samaki yuko chini pima thelathini, maji yote yale juu yake, na hapondeki, kwa sababu presha ya nje na ya ndani ni sawa. Kinachoponda ni *tofauti*. Oili inaingia upande wa nje wa filta, inapita kwenye karatasi, inatokea ndani kwenye bomba la kati. Filta ikiwa safi, nje utapima tuseme baa tatu na nusu, na ndani utakuta pungufu kidogo sana. Karatasi haihisi kitu. Filta ikianza kujaa, ndani panashuka huku pampu inasukuma vile vile nje. Ile tofauti ndiyo inayoiegemea karatasi.

Wewe ni mtu wa Nungwi, umeshaona dema, ule mtego wa samaki. Dema safi likiwa kwenye mkondo, maji yanapita ndani yake na linakaa pale lilipotegwa. Liache lijae mwani, mkondo ule ule sasa unalisukuma, na ukizidi unalivunja ubavu. Mkondo haukuongezeka. Matundu ndiyo yamezibika.

Kwenye meli hatukisii. Filta za oili ya injini kubwa huwa mbili mbili, na katikati kuna geji inayosoma tofauti hiyo tu, ya kabla na ya baada. Ikipanda, unageuza mkono wa vali, oili inahamia filta ya pili, unaisafisha ya kwanza injini ikiwa inaendelea. Kwenye gari yako geji hiyo haipo. Geji yako ni filta yenyewe unapoitoa na kuitazama.

Ama kubonyea upande mmoja: karatasi inakubali pale ilipo dhaifu kwanza. Mikunjo miwili ikishalaliana, oili haipiti tena kati yake, kwa hiyo inasukumwa zaidi, inamlalia wa tatu. Huanzia na mkunjo mmoja.

MtuWaNungwi

Shikamoo mzee wangu. Kwa mfano wa dema nimeelewa moja kwa moja.

Mzee_wa_Mashini

Marahaba mwanangu.

BintiWaSpea

Mie nauza spea mjini, niseme upande wa dukani. Nilikuwa nasubiri mtu aseme "feki" aishie hapo, maana kila kitu tunakimalizia kwenye neno hilo.

Filta za aina hii zinafanana mno. Nina mbili hapa kaunta, ukiziweka mbalimbali utaapa ni moja. Ukizisimamisha bega kwa bega, moja imemzidi mwenzake milimita chache. Mteja akija na neno "filta ya Noah" bila namba ya injini, anaweza kuondoka na isiyo yake. Kwa injini za ZR namba ya Toyota ni 04152-37010, na ile ya 04152-YZZA6 nayo inaingia. Njoo na kuukuu mkononi au njoo na namba.

Sasa ubora. Karatasi ya filta si karatasi ya daftari. Inapakwa gundi maalumu na kuokwa ili iwe ngumu na isilainike kwenye oili ya moto. Ikiokwa vibaya ukiiminya mkunjo kwa kucha inabaki imelala, haisimami tena. Ya maana inarudi. Na hesabu mikunjo. Mtengenezaji anayebana matumizi anapunguza mikunjo, kwa hiyo karatasi inakuwa ndogo, inajaa mapema, na mikunjo ikiwa mbalimbali haiegemeani, inapata nafasi ya kulala.

Jengine, ndani ya boksi kamili mnakuta mpira mkubwa wa kikombe, mpira mdogo wa nati ya chini, na kale kabomba ka plastiki ka kumwagia oili iliyobaki kwenye kikombe. Ukiuziwa karatasi peke yake ndani ya mfuko wa nailoni, mpira wa zamani utarudishwa. Mwenye kuurudisha atakaza kupita kiasi ili usivuje.

MtuWaNungwi

Dada yangu, nimehesabu sasa hivi. Iliyobonyea ina mikunjo 41. Mpya niliyonunua leo asubuhi ina 58. Na ule mtihani wa kucha: mkunjo wa kuukuu umelala na haukusimama. Lakini mtihani huo kwa iliyotumika ni wa haki kweli? Imekaa kwenye oili kilomita 9,000.

BintiWaSpea

Una haki, iliyotumika hulainika kidogo hata ikiwa nzuri. Lakini 41 kwa 58 ni tofauti kubwa.

Fundi_Fuoni

Hesabu ya kilomita 9,000 nayo si ya kweli kwa kazi yako, kaka. Nijibu: ukiwapeleka wageni Nungwi au Kendwa, unawasubiri umezima?

MtuWaNungwi

Hapana. AC lazima iwe baridi wanapotoka hotelini. Kuna siku nasubiri saa mbili, injini inaunguruma.

Fundi_Fuoni

Basi hapo ndipo penye mzizi. Spidomita inahesabu magurudumu, oili inahesabu moto. Watengenezaji wengine wa magari ya kazi huhesabu saa moja ya injini kuunguruma gari imesimama kuwa sawa na kilomita 40 au zaidi. Saa mbili za kusubiri ni kama umetoka Nungwi ukaja mjini na zaidi, na spidomita haijasogea hata kilomita moja. Ukifanya hivyo mara tatu kwa wiki kwa miezi, 9,000 yako inaweza kuwa 14,000 kwa oili. Kwa kazi kama hiyo mie nambadilishia mtu kila 5,000, na simpi nafasi ya kubishana.

Oili iliyopitwa na wakati inatengeneza tope, tope linakwenda kwenye karatasi, na mengine mzee ameshayaeleza.

Mtoto_wa_Jangombe

Samahani kuingilia. Mie gari yangu ni ya skuli na sokoni tu, Jang'ombe mpaka Mwanakwerekwe, kilomita 10 kwa siku hazifiki. Filta yangu ilitoka laini kama mkate wa kumimina ulioloweshwa, imevimba, lakini si nyeusi sana. Hii nayo ni tope?

Fundi_Fuoni

Hapana, hayo ni maji. Safari fupi. Petroli ikiungua inatoa mvuke, mwingine unapenya kwenye oili. Safari ya nusu saa oili inapata moto wa kutosha na maji yanaondoka. Safari ya dakika kumi, geji ya joto kwenye dashibodi inasema injini ina moto lakini oili chini kwenye sampu, bakuli lake, bado vuguvugu. Maji yanabaki. Na karatasi ile asili yake ni nyuzi za mti, zikinywa maji zinapoteza nguvu. Karatasi yenye maji inapinda kwa tofauti ndogo ambayo karatasi kavu isingeihisi.

Lakini fungua kifuniko cha kutilia oili utazame kwa tochi. Ukikuta ute wa rangi ya maziwa, tazama na maji ya rejeta. Yakiwa yanapungua, usihangaike na filta, kuna gasketi ya silinda hedi au kipozeo cha oili kinachopitisha.

Mtoto_wa_Jangombe

Maji ya rejeta hayapungui alhamdulillah. Nitakuwa naipeleka mpaka Paje mara moja kwa wiki.

Mzee_wa_Mashini

MtuWaNungwi, kuna kitu kimoja hakuna aliyekiuliza na mie ndicho kinachonikosesha usingizi kwenye kisa chako. Karibu kila filta ya oili ina njia ya dharura. Filta ikijaa au oili ikiwa nzito, kuna vali yenye springi, tofauti ikifika kiwango chake, kwa kawaida maeneo ya baa moja, inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Aliyeitengeneza alijua kwamba oili chafu ni bora kuliko kukosa oili. Vali hiyo hiyo ndiyo inayoilinda karatasi isipondwe, kwa sababu tofauti haiwezi kupanda zaidi ya pale.

Sasa filta yako imepondwa. Kwa hiyo, ama karatasi ilikuwa dhaifu kiasi cha kukubali kabla vali haijafunguka, ama vali haikufunguka.

Kwenye filta za kopo mara nyingi vali imo ndani ya kopo, ukitupa kopo umetupa na vali, kila mara unapata mpya. Kwenye hizi za karatasi vali inabaki kwenye gari, kwenye kikombe au kwenye kasha, mwaka baada ya mwaka. Hakuna anayeigusa. Itafute, iko pamoja na kile kikombe chako. Chukua kijiti safi cha mbao, kisiwe bisibisi, uisukume. Inatakiwa iingie na irudi yenyewe.

MtuWaNungwi

Mzee wangu, nimetoka kuifanya sasa hivi kwa mwanga wa simu.

Nimesukuma kwa kijiti cha mshikaki. Haikwenda. Nikasukuma tena kwa nguvu kidogo, ikaingia kwa kukwama kama droo iliyovimba kwa masika, na haikurudi. Kuzunguka ukingo wake kuna kitu kama lami ya rangi ya asali iliyoungua, ukikigusa kinanata. Nimekiloweka kikombe kizima kwenye petroli ndani ya kopo, robo saa, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Sasa inaingia na kurudi, inatoa mlio mdogo wa "tik".

Nimekatakata pia karatasi kuukuu kwa mkasi, nikaifungua yote kwenye gazeti kama mkeka. Kwenye ile mikunjo iliyolaliana, ndani kuna michirizi myeupe ambayo oili haijafika kabisa. Na karibu na kisahani cha chini kuna mpasuko wa urefu wa punje ya mchele. Hapo sikuongea kitu. Kipande cha karatasi hakipo.

Mpemba_Wete

Subhanallah. Kama kipande kimetoka, kinaweza kuwa kimeshikwa na kile kichujio kidogo cha waya kinacholinda vali ya VVT-i, mfumo wa oili unaopanga wakati wa vali za injini kufunguka. Kitoe ukitazame kabla hujawasha. Kazi ya nusu saa.

Fundi_Fuoni

Nasisitiza alilosema. Na kabla ya kutia mpya: tazama bomba la kati lenye matundu, ile mifupa inayoishikilia karatasi kwa ndani. Lina ufa? Kuna injini nyingine bomba hilo linachomoka pamoja na filta kuukuu, fundi mwenye haraka analitupa nayo. Filta mpya ikifungwa bila bomba ni kama hema bila mti wa kati, haimalizi wiki.

Kukaza: kwenye kikombe pameandikwa 25 N·m. Kama huna spana ya kipimo, hiyo ni sawa na uzito wa kilo 10 ukining'inia kwenye mpini wa sentimita 25. Si nguvu ya bega. Mpira mpya upake oili kwa kidole, na hakikisha wa zamani haukubaki kwenye mfereji wake chini ya mpya.

BintiWaSpea

Na oili kuukuu tafadhali usiimwage nyuma ya nyumba. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, kitu kinazama moja kwa moja mpaka kwenye maji ya visima. Weka kwenye galoni, magereji wanaichukua.

MtuWaNungwi

Imo kwenye galoni dada, kifuniko kimefungwa.

Bomba la kati ni zima. Kichujio cha VVT-i nimekitoa asubuhi na ndugu yangu. Kipande kilikuwamo, kidogo, kimejikunja kama ukucha uliokatwa. Kimetoka kwa kibano. Nimetia 5W-30, filta ya mikunjo 58, mpira mpya, nimekaza kwa spana ya kipimo ya kuazima.

MtuWaNungwi (mrejesho)

Nilisema nitarudi. Leo gari imefika kilomita 2,000 tangu siku ile. Kwa kawaida mtu hafungui mapema hivi, lakini sikuweza kusubiri. Nimemwaga oili ya kikombe kwa kale kabomba ka plastiki, nikafungua. Filta imesimama wima. Mikunjo miwili mitatu imeegemea kidogo, lakini nafasi kati yao zipo zote, hakuna kiuno, visahani vimeshika. Vali nimeisukuma tena kwa kijiti, imeingia imerudi.

Mzee, kwa hiyo ilikuwa vali?

Mzee_wa_Mashini

Alhamdulillah. Ila sitakudanganya mwanangu: umebadilisha oili, filta na vali siku moja. Gari imepona, lakini huwezi kujua ni dawa ipi iliyotibu. Mie nadhani ziliungana. Oili nzito na tope zilileta msukumo, karatasi yenye mikunjo michache haikuwa na nguvu ya kuuhimili, na vali iliyokwama haikuutoa. Moja peke yake pengine ungetoa filta imeegemea kidogo, ukaitupa bila kuitazama.

Ile mikunjo miwili mitatu kuegemea usiiogope. Karatasi iliyofanya kazi haiwezi kutoka kama ilivyotoka kwenye boksi.

Fundi_Fuoni

Mie tangu uzi huu nimeanza kusukuma vali kwa kila gari ya aina hii inayoingia kwangu. Nimeshafanya tisa. Mbili zilikuwa zimekwama, moja yake Wish ya mteja ninayembadilishia oili miaka minne. Miaka yote hiyo nilikuwa nafuta kikombe kwa kitambaa na kukirudisha.

Mtoto_wa_Jangombe

Fundi, gereji yako Fuoni iko upande gani? Nakuja Jumamosi na kikombe changu.

Fundi_Fuoni

Njoo na gari, si kikombe peke yake. Nitakuandikia kwa faragha.